Wakuu, gemu ni sanaa au sio sanaa? Nahitaji jibu kabla ya Alhamisi

TaaYaKoroboi:
Habari za jioni wanajukwaa. Nipo mwaka wa tatu, nasoma sanaa, chuo sitataja. Kazi yangu ya kumalizia nimetengeneza gemu la kompyuta, miezi saba silali vizuri. Msimamizi kaliangalia dakika tano akasema niletee mchoro au kinyago, haya mambo ya vibanda vya PS peleka huko huko. Nina kikao naye Alhamisi. Naomba hoja za nguvu, gemu ni sanaa au sio? Matusi hapana, nina mawazo.

Chumvi ya Mawe:
Sio sanaa. Baba mkwe wangu pale Magomeni anacheza bao toka saa tatu asubuhi mpaka adhana ya magharibi na sijasikia mtu anamuita msanii. Ila ule ubao wake kachonga Mmakonde, yule ndo msanii. Kwahiyo aliyechora picha za hilo gemu ni msanii, wewe unayebonyeza ni mchezaji tu.

TaaYaKoroboi:
Mkuu nimechora mwenyewe, hata kubonyeza nabonyeza mwenyewe.

Fundi Antena:
Dogo beba hizi. Mwaka 2012 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, walitangaza wameingiza magemu 14 kwenye hazina yao, Tetris na Pac-Man zikiwemo. 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema gemu linalindwa na uhuru wa kujieleza kama vitabu, michezo ya jukwaani na filamu. Mwaka huo huo wa 2011 wimbo wa Baba Yetu ukachukua Grammy, sasa ule ni wimbo wa gemu, Civilization IV la 2005, katunga Mmarekani Christopher Tin, na maneno ni sala ya Bwana kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Muziki wa kwanza wa gemu kupata Grammy uliimbwa kwa lugha yako halafu mtu wa Dar anakwambia peleka kibandani?

Kisu Butu:
Hivyo vyote ni vya Wamarekani. Msimamizi ni Mnyamwezi.

Mama Wawili:
Mimi sitaki hata kusikia. Mwanangu wa kwanza nilikuwa nampa jero ya maandazi kumbe inaishia kwenye PS, kila siku, mpaka mwalimu ananipigia simu mama mtoto ana wiki mbili hajaonekana, nikamfuata kibandani na kanga moja nimemkuta anashangilia goli. Saivi ni fundi AC anajitegemea lakini ile aibu sijasahau.

Shangazi Tabata:
Mwanangu umeandika mengi ila hujasema gemu linahusu nini. Halafu aliyekataliwa kazi huwa na hasira, wewe nakuona una woga. Unaogopa nini?

TaaYaKoroboi:
Siogopi shangazi. Gemu ni hivi, wewe ni mtoto wa miaka tisa, usiku, nyumba ya vyumba viwili. Huna bunduki wala humkimbii mtu, unasikiliza geti. Hatua za baba zikija zinaburuta unazima taa unamficha mdogo wako uvunguni, zikija zimenyooka unapasha chakula. Mama anaongea kutoka jikoni, anakupa maelekezo. Ukikosea wewe huumii, anaumia yeye. Hakuna kushinda, kunakucha tu unavaa sare unaenda shule.

Fundi Antena:
Aisee. Hiyo sauti ya mama nani kaigiza?

Fundi Antena:
Dogo?

TaaYaKoroboi:
Nilikuwa nachaji simu. Sauti ni ya mama yangu mwenyewe. Voisi noti zake za WhatsApp za mwaka juzi, nimekata nimeunganisha. Hajui. Lakini jina lake halipo popote na ile nyumba na mimi nimeishi, ni maisha yangu pia, msanii akisubiri ruhusa ya kila mtu hakuna kazi itatoka. Na fomu ya maonyesho nilishaituma Jumatatu.

Shangazi Tabata:
Ulitakiwa uanzie hapo. Baba yupo?

TaaYaKoroboi:
Yupo, kaacha pombe 2019, sasa hivi ni mzee wa kanisa. Mama anakuja Alhamisi kuona kazi yangu, anajua nimechora picha.

Fundi Antena:
Mimi hoja zangu nazirudisha mfukoni kwanza. Kuna gemu la 2016, That Dragon, Cancer, wazazi walitengeneza kuhusu mtoto wao mdogo mwenye saratani, akafariki 2014 gemu halijakamilika. Lakini pale baba na mama waliamua wote. Usije ukalitumia kujitetea.

Kisu Butu:
Subirini kwanza. Alhamisi ni kikao na msimamizi au mama anakuja? Halafu msimamizi kalikataa, maonyesho yamelikubali vipi? Hii chai. Kesho anatupia link tulipakue, hapa tunapigwa promo mchana kweupe.

Chumvi ya Mawe:
Na mwaka wa tatu anatengeneza gemu zima peke yake miezi saba? Chai ya maziwa kabisa.

TaaYaKoroboi:
Kikao saa nne asubuhi, maonyesho saa kumi, na maonyesho ni ya wanafunzi wenyewe hayapiti kwa msimamizi. Link sitoi hata mkiniita muongo.

Kisu Butu:
Tupia basi kipicha kimoja, hata cha hilo geti.

Mama Wawili:
Nyie wanaume acheni. Iwe chai iwe sio chai, mimi zile hatua za kuburuta nazijua. Letu lilikuwa geti la bati. Dogo mpigie mama yako usiku huu, akisema toa, toa.

TaaYaKoroboi:
Nikitoa sauti gemu limekufa, niliweka ya mtu mwingine ikawa kama tangazo la redio. Nilifikiri akae alicheze kwanza, akimaliza ndo nimwambie.

Shangazi Tabata:
Yaani aisikie sauti yake mbele za watu?? Mwanangu.

TaaYaKoroboi:
Keshapanda basi Mwanza, nauli nilimtumia mwenyewe. Kaniachia voisi noti sasa hivi, dakika mbili na kitu. Sijaifungua.

Mama Wawili:
Fungua.

Kisu Butu:
Mods msifunge uzi, chai ndo inachemka.