Walimu wa masafa, mnaua madarasa yenu kwenye WhatsApp halafu lawama mnawatupia wanafunzi

Wakuu, hili linakera. Mwalimu anafungua kundi, anaingiza watu 300, anamwaga PDF ya MB 40 saa tano usiku. Wiki ya pili analalamika, "wanafunzi hawashiriki." Washiriki nini? Mwenye bando la kuungaunga aipakueje, na kurasa zenyewe ni picha zilizopigwa upande, zenye kivuli cha mkono wa mpigaji?

Kateni hilo faili: kurasa nne au tano kwa kila somo. Maelezo mafupi yaandikeni kwenye ujumbe wenyewe. Ya mdomo rekodini sauti. Dakika 3 hazifiki hata MB 1, wakati video ya muda huohuo inakula mara nyingi zaidi. Ila dakika 3 kweli! Sauti ya dakika 17 inayoanza na kikohozi na "mnanisikia?" hakuna anayeimaliza, na akitaka kurudia kipengele kimoja hajui pa kukitafuta.

Halafu maswali. Kwenye kundi la watu 300, swali lililoulizwa saa mbili linafunikwa na "asante mwalimu" themanini. Wengine dawa yao ni kufunga kundi, admini tu ndio waandike, kisha bado wanadai ushiriki. Kejeli hiyo! Kundi kubwa libaki la matangazo, majadiliano yahamie vikundi vya watu 15 hadi 20, kila kimoja na kiongozi wake, na mwalimu atangaze saa atakazojibu.

Kura za WhatsApp nazo mnazigeuza mtihani. Kwa kawaida kila mtu anaona nani kachagua nini, kwa hiyo darasa zima linamsubiri yule mkali abonyeze, wanafuata. Telegram ina kura ya aina ya chemshabongo (quiz) inayoweza kupigwa kwa siri, na mtu akikosea anaonyeshwa jibu sahihi pamoja na maelezo uliyoandika. Mnaacha hiyo mnang'ang'ania kura ya wazi, sijui kwa nini.

La mwisho ndilo baya kuliko yote: namba za simu. Mnamwingiza binti kundini bila kumuuliza, namba yake inaonekana kwa wageni 299, anaanza kupokea jumbe za usiku. Akilalamika anaambiwa "mbloku tu." Tumeni kiungo mtu ajiunge kwa hiari, semeni mapema kwamba namba itaonekana, na anayesumbua wenzake atolewe siku hiyohiyo. Asiyetaka namba yake ionekane apewe njia nyingine ya kupata masomo, hata kwa baruapepe.