Wahakiki wameiponda, watazamaji wameisifu: niwaoneshe watoto au niache?

Mama Pacha (Lindi)
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nitakuwa na watoto sita hapa uani Mtanda, wangu wawili na wa shemeji. Mkubwa ana miaka 10, mdogo 4. Projekta nimeazima, shuka jeupe lipo, ming'oko nitachemsha. Nilipanga kuwawekea filamu ya The Lion King, ile ya 2019. Sasa mdogo wangu wa Dar ananiambia nisipoteze bando, eti imepondwa. Nimeingia Rotten Tomatoes, ile tovuti inayokusanya maoni ya filamu, nakuta wahakiki asilimia 50 na kidogo, watazamaji wa kawaida karibu 90. Nimsikilize nani?

Korosho Ghafi
Dada, hiyo asilimia usiisome kama maksi za mtihani. Maana yake ni kwamba katika kila wahakiki kumi, kama watano wamesema inafaa. Aliyesema "si mbaya" na aliyesema "haijawahi kutokea" wote wanahesabiwa kura moja moja. Ikifika 60 inapewa nyanya nyekundu, chini ya hapo ya kijani iliyopasuka.

Mzee wa Gati
Niliiona. Wahakiki hawajakosea sana. Lawama yao kubwa ni kwamba wanyama wamefanywa wa kweli mno, sura hazisemi kitu. Simba anafiwa na baba yake, uso uko vilevile kama anaangalia mvua. Ile ya 1994 ilichorwa kwa mkono, nyusi zinapanda na kushuka, mtoto anaelewa hata ukizima sauti. Halafu hadithi ni ileile, ila dakika zimetoka 88 hadi 118. Huyo wa miaka 4 atasinzia. Picha zenyewe lakini, hata walioiponda walizisifu. Iliwania mpaka Oscar kwa ufundi huo.

Binti Mikindani
Mtoto wa darasa la pili na uhakiki wapi na wapi? Wangu wameiona mara nne, wanachosubiri ni yule ngiri Pumbaa ajambe 😂

Mjukuu wa Nachingwea
Mnasahau la kwetu. Miaka ya 2000 mwanzoni simba walikuwa wanakula watu vijiji vya huku Lindi. Watu walilala kwenye madungu kulinda mazao: nguruwe pori wanafuata mahindi, simba wanafuata nguruwe. Nilimwonesha bibi kipande cha hiyo ya 2019, Simba na ngiri wanaimba pamoja. Akauliza, "Huyo nguruwe hajui anatembea na nani?" Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia nizime. Ile ya kuchorwa aliiangalia mpaka mwisho, tena akawa anamtukana Scar, yule simba mbaya.

Mama Pacha (Lindi)
Mjukuu, umenishtua. Mama mkwe atakuwepo siku hiyo, na ameshawahi kuzika jirani kwa ajili ya simba. Hilo halikunijia kabisa, mimi nahangaika na asilimia.

Korosho Ghafi
Basi weka ya 1994. Ila hata humo Mufasa, baba yake Simba, anakufa, usijidanganye. Nyumbu wakianza kuteremka bondeni, huyo mdogo mpakate.

Mama Pacha (Lindi)
Sawa kaka. Mwenye waya mrefu wa HDMI karibu na Mtanda anifuate inbox, wangu haufiki kwenye shuka.