Wazazi tuchangishwe kompyuta mpya kisa Windows 10 imeachwa? Mjadala

Mzazi wa Mbalizi
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka kikao cha wazazi, sekondari moja huku Mbalizi, jina naliacha. Ajenda ya mwisho, watu wameshashika mikoba, tukaambiwa kila mzazi atoe 25,000 za kompyuta mpya. Zilizopo ni 18. Nikauliza zinaumwa nini. Nikajibiwa Windows 10, yaani mfumo unaoendesha hizo mashine, imekufa, na hizi haziingii toleo jipya la Windows 11, kwa hiyo zimekwisha. Wiki iliyopita tu mwanangu kaniletea hesabu ya magunia yangu ya mahindi, kaipiga kwenye Excel kwa mashine hizohizo. Wanafunzi wanapita mia nne, hiyo ni milioni kumi na ushee. Na hii ni elimu bila ada tangu 2016. Mimi sitoi mpaka nielezwe kilichoharibika. Nipingeni.

Fundi Mwanjelwa
Mzee, hapo mmepikiwa maharage na mchele chungu kimoja. Windows 10 haijazimwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft, wenye Windows, waliacha kutoa viraka vya usalama vya bure, yale marekebisho ya kuziba matundu wanayopitia virusi na wezi, basi. Mashine itawaka kesho na mwakani. Kinachobaki wazi ni matundu mapya yatakayogunduliwa, hayo hayazibwi.

La pili ni Windows 11. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iliyo kwenye orodha yao, kwa Intel karibu zote ni kizazi cha 8 kwenda mbele. Angalia namba baada ya i3 au i5 kwenye jina la prosesa: ikianza na 6, kama 6300, ni kizazi cha 6, 8250 ni cha 8. Linaloniudhi ni kwamba kizazi cha 6 nyingi TPM 2.0 zinayo. Zinakataliwa na orodha tu.

Kuipenyeza Windows 11 kwa mlango wa nyuma inawezekana, nimewapigia wateja wengi. Ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya hivyo haina uhakika wa kupata apdeti. Na zile zenye prosesa za kale za Core 2 Duo, kuanzia toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 haziwaki kabisa, prosesa haina amri ambazo mfumo unazitaka. Mteja akining'ang'ania dukani nafanya. Shuleni nisingefanya.

Mhasibu wa Saccos, Iringa
Kamwene. Mimi naunga mkono mchango, mnitukane tu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu dunia nzima na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Mashine isiyo na viraka ni nyumba isiyo na komeo. Shule ina alama za watoto, ina majina ya wazazi na namba zao za simu. Siku zikifungwa, hiyo 25,000 mtaiona ndogo.

Fundi Mwanjelwa
Kaka, mfano mzuri ila unakugeukia. Kiraka cha tundu lile kilitoka Machi 2017, karibu miezi miwili kabla. Walioumia wengi walikuwa na Windows 7, na wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa. Kiraka kilikuwepo, hawakukiweka. Sasa niulizie hiyo maabara ya Mbalizi mara ya mwisho iliapdetiwa lini, na bando la nani.

Mhasibu wa Saccos, Iringa
Hapo umenibana. Lakini Windows XP, ya zamani zaidi, ilikuwa imeachwa tangu 2014, na yenyewe haikuwa na kiraka siku ile, wakaharakisha kukitoa baada ya moto kuwaka. Kwa hiyo hoja yangu bado ina mguu mmoja.

Dada Steshenari, Miyomboni
Mimi sina nadharia, nina mashine tatu na foleni ya watu wa fomu za mikopo. Moja niliwekewa Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows. Nyepesi, haigandi, mfumo wenyewe bure. Printa ikanisumbua siku mbili ikakubali. Kilichonishinda ni wateja. Mtu analeta CV ya Word kwenye flashi, nikiifungua kwa LibreOffice, programu ya bure inayoshika nafasi ya Word, majedwali yamehama, mstari umedondoka ukurasa wa pili, anadhani nimemharibia. Kadi za harusi nazifanya kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, na yenyewe wanaiacha Oktoba 2026. Sasa ile ya Mint nimeibakiza ya kuskani na kuombea vyuo, intaneti inaenda vizuri tu.

Kwa shule naona inafaa kuliko kwangu. Mtoto anayejifunza kuchapa na kupanga safu hana mteja anayemfokea. Zile mbili nyingine nimezisajili kwenye ule mpango wa Microsoft wa kuongezewa mwaka mmoja wa viraka vya Windows 10, mpaka 13 Oktoba 2026. Bei ni dola 30, ila ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yao hulipi. Wenzetu wa Ulaya walipiga kelele, wakaondolewa hata hilo sharti. Sisi kelele zetu tunapiga huku kwa huku.

Mpita Njia, Tunduma
Nyie changeni. Mzigo wa kizazi cha 6 na 7 unaotupwa huko Ulaya sasa hivi unadhani unashukia wapi? Mtatoa milioni kumi mletewe zilezile zimefutwa vumbi.

Mwalimu wa Kompyuta
Mzee wa Mbalizi, nimekutambua kwa mahindi. Mimi ndiye mwalimu wa mwanao.

Niseme ukweli hapa kwa sababu kikaoni sikupewa nafasi. Kati ya 18, zinazofanya kazi ni 11. Nyingine zimekufa pawasaplai kwa umeme wa kwenda na kurudi, mbili zina hadidiski zinazogonga. Watoto wanakaa wanne kwa mashine moja. Mmoja anashika mausi, watatu wanaangalia kama sinema. Tangu mwaka jana naandika barua niombe RAM (kumbukumbu ya kazi) na SSD (diski za kasi), hazijibiwi. Niliposema Windows 10 inaisha, ghafla ikawa ajenda. Nililisema kama dokezo, likatoka ofisini likiwa tangazo la msiba. Kwa hiyo pesa inahitajika, mzee wangu, ila si kwa sababu uliyoambiwa.

Mzazi wa Mbalizi
Mwalimu, shikamoo ya darasani nakupa hapa. Sasa kwa nini nisiambiwe hivyo? Pawasaplai naielewa. Hiyo ningetoa.

Mhasibu wa Saccos, Iringa
Tuwe wa haki kidogo. Windows 10 ilitoka Julai 2015, imehudumiwa miaka kumi. Hakuna fundi bati atakayekupa dhamana ya miaka kumi.

Dada Steshenari, Miyomboni
Miaka kumi ya nani, kaka? Inahesabiwa tangu itoke dukani kwao. Ya kwangu niliinunua mtumba 2022, mwaka wa saba. Mwenzio kala ng'ombe, mimi nimefika kwenye mkia naambiwa karamu ilikuwa ndefu.

Fundi Mwanjelwa
😂 Dada kamaliza.

Mwalimu, kuna kitu ofisini kwenu hawajakiangalia. Huo muda wa nyongeza shule zina bei yake: dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu, mpaka Oktoba 2028. Kwa 18 ni dola 126 miaka yote mitatu, laki tatu na kitu. Hata zote zikifufuka. Ila inanunuliwa kwa utaratibu wa leseni za taasisi, na Windows yenyewe iwe halali.

Mwalimu wa Kompyuta
Ya halali...

Fundi Mwanjelwa
Najua. Nani aliyezipiga Windows?

Mwalimu wa Kompyuta
Kijana mmoja alikuja na flashi, 2023. Zilikuwa zinatoa maandishi ya kudai leseni pembeni, akayaondoa.

Fundi Mwanjelwa
Basi usikate tamaa. Kama ni mitumba ya maofisini, nyingi zimekuja na ufunguo wake wa leseni ndani ya BIOS, programu ya kuwashia iliyo kwenye bodi ya mashine, huyo kijana kapandisha ya kukraki juu yake. Ukipiga upya toleo linalolingana na ufunguo, inajitambua yenyewe ikipata intaneti. Zitakazogoma tunazipa Mint. RAM na SSD ziandikie bei moja moja, karatasi ipelekwe kwa wazazi. Mzee anayepima magunia ataisoma.

Mzazi wa Mbalizi
Nitaisoma mpaka nukta. Fundi, utakuja lini?

Fundi Mwanjelwa
Jumamosi. Nauli tu, na bando. Funguo ya maabara anakaa nayo nani?

Mwalimu wa Kompyuta
Mkuu wa shule. Nitamwambia ni kazi ya usafi.