Mrejesho: nilitafuta wenzangu wa kutazama ndege Mombasa

Wale mnaokumbuka, niliuliza hapa nitawapata wapi wapenzi wa ndege, maana nilikuwa peke yangu na darubini yangu kama mlinzi. Jamani, asanteni. Aliyenishauri nianze na matembezi kabla ya kufungua kundi la WhatsApp alisema kweli. Tulikwenda mikokoni Tudor maji yakiwa yamekupwa, watu wanne tu, tukamwona ndege aitwaye sululu akichomoa kaa topeni kwa ule mdomo wake mrefu uliopinda. Picha hiyo ndiyo iliyoleta watu. Sasa tuko 23. Kuandika orodha ya ndege tunaowaona kwenye eBird, ule mtandao wa kurekodi ndege, wamekubali wawili, nami mmoja wao. Kundi la Facebook nimelifunga, lilijaa matangazo ya viwanja. Jumapili tunarudi Tudor, msije na viatu vyeupe.