Tupeane uzoefu: ulizishikaje dozi ulipojiandaa na mtihani wa tiba ya dharura?

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimebakiwa na wiki sita kabla ya mtihani wa uzamili, na kinachonisumbua si magonjwa bali tarakimu zake, kwani nikiwa zamu nazitamka bila kusita, ila nikikaa mbele ya mtahini zinachanganyikana. Naanza na langu. Katika mtihani wa majaribio niliulizwa adrenalini ya mtu mzima mwenye mzio mkali, nikajibu miligramu 1 kwenye mshipa. Mtahini hakunisahihisha, aliniuliza tu moyo wa mgonjwa wangu umesimama saa ngapi. Tangu siku hiyo nasoma nikiwa na kichupa kitupu mkononi: kilikuwa na miligramu 1 katika mililita 1. Nusu yake huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, kwa mzio mkali, na hurudiwa baada ya dakika 5 hali isipotengemaa. Kizima huingia kwenye mshipa kila dakika 3 hadi 5, moyo ukiwa umesimama. Wenzangu mlifanyaje?

*Mchangiaji wa pili:* Mafunzo ya uzamili ya fani hii yalianza Muhimbili mwaka 2010, kwa hiyo sisi wa mwanzo hatukuwa na maswali ya zamani ya kurithi. Kila nikitoka zamu niliandika daftarini mgonjwa mmoja na jambo moja. Ukurasa ninaoukumbuka zaidi ni wa kijana aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Nilipoona mboni zimetanuka na mapigo yameongezeka nilitaka kusitisha atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, ndipo muuguzi akaniambia, “Daktari, sikiliza kifua kwanza.” Kifua kilikuwa bado kinakoroma kwa majimaji. Dozi huongezwa maradufu kila baada ya dakika chache mpaka kifua kikauke. Mboni hazikupi jibu.

*Mchangiaji wa tatu:* Kwa heshima, dada, wagonjwa peke yao hawatoshi, maana yapo mambo ambayo huenda usikutane nayo mwaka mzima na bado yakaulizwa. Mimi nilikariri ndani ya daladala, na sioni aibu. Kipimo cha fahamu cha Glasgow: alama za juu ni macho 4, maneno 5, mwendo wa viungo 6, na jumla ya chini kabisa ni 3, wala si sifuri, kosa ambalo nimelisikia hata kwa madaktari wazoefu.

*Mchangiaji wa nne:* Naongeza tahadhari kuhusu vitabu vya ughaibuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulionyesha kwamba waliomiminiwa maji mengi kwa haraka kwenye mshipa walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa. Vitabu vingi nilivyosomea viliagiza kumimina. Nilichora safu mbili, moja ya kitabu na moja ya wodini kwetu, na mtahini aliponiuliza nilimweleza zote mbili pamoja na sababu zake.

*Mwanzilishi wa mada:* Nashukuruni sana. Safu mbili naanza leo. Dada wa mchango wa pili, lile daftari bado unalo?

*Mchangiaji wa pili:* Ninalo, ingawa ukurasa wa atropini umemwagikiwa chai. Nitaupiga picha kesho nikitoka zamu.