Kijana wa IT support Dar, pesa ya cheti kimoja tu: A+, CCNA au Microsoft?

Kijitonyama_TEHAMA (mleta mada)
Wakuu, salaam. Tujadili hili bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Kijana kamaliza diploma ya TEHAMA, anatafuta kazi ya IT support hapa mjini, mfukoni ana pesa ya cheti kimoja. Matangazo ya kazi yanavitaja vyote kwenye mstari mmoja: A+, N+, CCNA, MCSA, ITIL. Aanze na kipi? Na je, ni haki mwajiri kudai vyeti vya mamia ya dola kwa kazi ya kuanzia?

Msimamo wangu ni CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco. Mtihani mmoja, 200-301, dakika 120, dola 300, umemaliza. A+, cheti cha CompTIA cha ufundi wa kompyuta, ni mitihani miwili, kila mmoja zaidi ya dola 250 kwa bei ya Marekani, na ukishamaliza una cheti cha fundi wa Kariakoo.

Msimbazi_Repair
Rudia hapo kwenye "cheti cha fundi wa Kariakoo".

Huyo unayemdharau ndiye anayejua kwamba nafasi ya M.2 (tundu la diski) kwenye laptop si lazima ikubali kila SSD. Kuna M.2 ya SATA na kuna ya NVMe. Umbo linafanana, ila laptop iliyounganishwa kwa SATA tu haitaiona NVMe hata uiingize mara kumi. Ndiye anayejua kwamba kabla ya kugusa madabodi ya laptop yenye BitLocker (Windows inayofunga diski kwa ufunguo) unauliza kwanza ufunguo wa tarakimu 48 uko wapi, kwa sababu ukibadilisha madabodi TPM, chipu inayotunza ufunguo, imebadilika, na data ya bosi imefungwa humo ndani. Ndiye anayekukataza kuibonyeza betri iliyovimba ili mfuniko ufunge. Hayo yote yamo kwenye A+. CCNA haina hata moja. Sasa niambie, mteja akileta laptop isiyowaka utamwandikia OSPF, lugha ya ruta?

DadaSeva
Ndugu zangu, tuweke kumbukumbu sawa kwanza maana kuna kijana atasoma hapa na kwenda kulipa. A+ ni Core 1 na Core 2, na zote mbili lazima ziwe za toleo moja. Toleo la sasa ni 220-1201 na 220-1202, lilianza Machi 2025. Lile la 1101 na 1102 lilifungwa Septemba 2025. Anayeuziwa vitabu vya 1101 leo kwa bei ya kutupa aelewe kwa nini bei ni ya kutupa. Pasi ni 675 kwa Core 1 na 700 kwa Core 2, kipimo kikiwa 100 hadi 900. Maswali hayazidi 90, dakika 90.

Kuhusu swali lenyewe: dawati la msaada hapa mjini linaishi kwa akaunti zilizofungwa, Outlook, printa na Windows. Kwa hiyo asome mada za A+ zote bila kulipia mtihani, pesa aiweke kwenye MD-102, mtihani wa Microsoft wa kusimamia kompyuta za wafanyakazi.

Gerezani_Kwanza
Dada, A+ si ukishaipata ni ya maisha? Nakumbuka haina mwisho.

DadaSeva
Ya maisha ni iliyopatikana kabla ya Januari 2011. Kuanzia hapo ni miaka 3, unaihuisha kwa pointi 20 za mafunzo endelevu na ada ya kila mwaka, au kwa kupasi cheti cha juu yake, mfano Network+ (ile N+). CCNA nayo ni miaka 3. Za Microsoft ngazi ya MD-102 ni mwaka 1, lakini kuhuisha ni bure: mtihani mfupi mtandaoni, dirisha linafunguka miezi 6 kabla ya kuisha, na ukishindwa unarudia. Kwa kijana asiye na kipato hapo ndipo hesabu inapokaa.

Poti24
Nakazia CCNA, na hili la mafundi nalijibu kwa hoja. Malalamiko ya "intaneti iko slow" kwenye ofisi za mjini hapa hayatoki kwenye Windows. Yanatoka kwenye waya. Waya umetoka dukani Kariakoo, umepigwa kichwa cha RJ45 na fundi wa Kariakoo, amepima kwa kile kitesta cha taa nane, zimewaka zote, kachukua chake kaondoka. Ukiingia kwenye swichi ukaandika `show interfaces` unakuta CRC (hesabu ya data iliyoharibika njiani) zinapanda kila dakika. Nani anajua kuisoma hiyo? Mwenye CCNA. Mwenye A+ atabadilisha kompyuta nzima.

Msimbazi_Repair
Ahaa, kumbe tatizo ni waya wa Kariakoo. Kariakoo kuna waya wa shaba tupu na kuna CCA, alumini iliyopakwa shaba. Vyote vipo, kila kimoja kwa bei yake. Anayetuma mtu na maneno "chukua ule wa bei rahisi" ni ofisi yenu. Fundi akisema boksi la shaba la mita 305 ni bei hii, afisa manunuzi anamuona mwizi. Halafu waya wa alumini ukishashindwa kubeba kamera za PoE (zinazopata umeme kwa waya huo huo wa mtandao) lawama inarudi kwa fundi!

Na kwa taarifa yako, kuutambua hakuhitaji CCNA. Kwangua waya mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. CCA inageuka nyeupe kama fedha. Boksi lake pia ni jepesi, unalisikia ukilinyanyua tu.

Mzee_wa_Raki
Wanangu, hapo Poti24 na Msimbazi mnagombana huku mnasema kitu kimoja. Kile kitesta cha taa nane kinapima kama waya wa 1 umefika 1 na wa 8 umefika 8. Basi. Hakijui jozi, yaani nyaya zilizosokotwa mbili mbili.

Fundi akipanga rangi kwa mpangilio wake, chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, kijani, bluu-nyeupe, bluu, kahawia-nyeupe, kahawia, na upande wa pili akarudia hivyo hivyo, taa zitawaka zote nane kwa mfuatano mzuri kabisa. Lakini poti inatumia 3 na 6 kama jozi moja. Kwa mpangilio huo 3 ni ya jozi ya kijani na 6 ni ya bluu; hazijasokotwa pamoja, kwa hiyo kelele haifutiki. Umbali mfupi utafanya kazi. Ukifika mita 40 au 50 makosa yanaanza, na swichi inaweza kushuka kutoka gigabiti 1 hadi megabiti 100.

Mpangilio sahihi, T568B, ni: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Kijani inapasuliwa kwa makusudi, bluu inakaa katikati. Jumla mita 100: 90 za ukutani, 10 za patch (nyaya fupi) mbili pande zote. Mpangilio huu umo kwenye A+. Kuzisoma hizo CRC kumo kwenye CCNA. Kijana anahitaji vyote viwili kichwani, hata kama mfukoni ana cheti kimoja.

Poti24
Mzee shikamoo. Nakubali la jozi. Ila sikubali kwamba CCA ni kosa la mnunuzi peke yake. Boksi lina maandishi makubwa CAT6 (daraja la waya wa mtandao), neno CCA limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, mara nyingine halipo kabisa. Anayeuza anajua. Viwango vya TIA-568 vinataka shaba, kwa hiyo waya wa CCA haustahili kuitwa CAT6 hata kidogo. Kuuza hivyo ni kudanganya, tusizungushe maneno.

Msimbazi_Repair
Muuza duka na fundi ni watu wawili. Ninyi wenye vyeti mnatuchanganya kila siku.

Kijitonyama_TEHAMA (mleta mada)
Wakuu, mimi sikusema fundi hajui kazi. Nilisema A+ inampa kijana cheti ambacho mwajiri anakiona cha ufundi. Msimbazi kanivalisha dharau ambayo sina. Na swali la OSPF halikuwa la haki: CCNA ina VLAN, DHCP, NAT, ACL. Kompyuta ikionyesha anwani ya 169.254, aliyesoma CCNA anajua mara moja kwamba DHCP, inayogawa anwani, haijajibu, anaangalia poti iko VLAN gani, yaani kundi gani la mtandao ndani ya swichi.

Msimbazi_Repair
169.254 imo kwenye A+ pia mkuu.

Kibarua_Posta
Mnisaidie. Tangazo nililonalo linasema "MCSA ni sifa ya lazima". Nafanya mtihani gani?

DadaSeva
Hakuna. MCSA, cheti cha zamani cha Microsoft, ilifungwa 31 Januari 2021, haifanyiki popote duniani. Hapo ndipo swali la pili la mleta mada lilipo na mmelipita: mwajiri ananakili tangazo la zamani, kijana mkweli anaacha kuomba, muongo anaandika anayo. Wewe omba. Kwenye barua andika mstari mmoja: MCSA ilisitishwa 2021, ninayo au naandaa MD-102, inayohusu usimamizi wa kompyuta za wafanyakazi. Usiweke AZ-900 ya Microsoft kama mbadala. Haiishi muda, ni kweli, lakini ni ya dhana za wingu, haimfundishi mtu kumrejeshea mfanyakazi akaunti yake.

Na ujenge maabara. Laptop ya RAM GB 16, VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta pepe), Windows Server ya majaribio ya siku 180, Windows ya kawaida pembeni. Washa kwanza virtualization kwenye BIOS. Windows ya pembeni ikigoma kujiunga na domain (kundi la kompyuta linalosimamiwa na seva), angalia DNS ya kompyuta, yaani anwani inakouliza majina: watu wanaacha 8.8.8.8 ya Google. Domain inatafutwa kwa rekodi zilizomo kwenye DNS ya seva yako. Google haizijui. Elekeza DNS kwenye seva, itajiunga.

Mbagala_Net
Mnachosha. Watu wananunua dampu (maswali ya mtihani yaliyovuja), wanakariri siku tatu, wanapasi. Huo ndio ukweli wa vyeti mjini hapa.

Mzee_wa_Raki
Na huyo aliyekariri akiulizwa kwenye usaili "printa inasema offline, fanya nini" anatoa macho. Jibu halimo kwenye dampu: unapiga ping kwa anwani ya printa, haijibu, unachapa ukurasa wa usanidi kwenye printa yenyewe, unakuta anwani imebadilika kwa sababu DHCP iliipa nyingine. Unaweka anwani ya kudumu kwenye DHCP, unarekebisha poti kwenye kompyuta. Kama inajibu ila kazi zimekwama, unasimamisha Print Spooler (huduma ya Windows ya foleni ya kuchapa), unafuta yaliyomo kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, unawasha tena. Zaidi ya hapo, CompTIA na Cisco wakikubaini na dampu wanafuta cheti na wanakufungia kufanya mitihani. Usimshauri kijana wa watu kitu cha kumharibia jina.

Mbagala_Net
Sijashauri, nimesema kinachofanyika.

Poti24
Kuna moja dogo kwa anayekwenda kufanya mtihani. Cisco huwezi kurudi nyuma. Ukibonyeza mbele swali limekwenda. CompTIA unaweka alama na kurudi. Kwenye CompTIA maswali ya vitendo huja mwanzoni na yanakula muda: yaruke, rudi mwisho. Ukifeli CCNA unasubiri siku 5. CompTIA jaribio la pili halina kusubiri, la tatu ni siku 14.

Gerezani_Kwanza
Na jina? Kitambulisho kina majina matatu, akaunti ya Pearson VUE, wanaoendesha mitihani, nimeandika mawili.

DadaSeva
Rekebisha kabla ya siku ya mtihani, lifanane na kitambulisho utakachobeba. Likitofautiana wana haki ya kukurudisha mlangoni na ada imekwenda. Na kama unafanyia nyumbani, usitegemee umeme wa ukutani peke yake: betri ijae, ruta iwe kwenye UPS, meza tupu, simu mbali ukishamaliza kupiga picha za kujisajili. Kituoni ni salama zaidi.

Msimbazi_Repair
Poti24, kuhusu lile boksi lisiloandikwa CCA. Omba muuzaji akukatie sentimita kumi mbele yako kabla hujalipa. Akikataa, nenda duka la pili. Ukipata la shaba, andika kwenye risiti "shaba tupu, mita 305" na muuzaji agonge muhuri.

Poti24
Hilo la risiti nalichukua. Na kamera za PoE je, kwa mita 80 unatumia AWG (kipimo cha unene wa waya) ngapi?

Msimbazi_Repair
23, shaba. Usichukue mwembamba kuliko huo.