Ushauri: nikiweka LibreOffice kwenye kompyuta za ofisi, bosi anaweza kujua?

KaraniMpole (Jumamosi, saa 5:40 usiku)
Habari zenu. Naomba ushauri na tafadhali mizaha muweke kando. Ofisi yetu iko Industrial Area, Nairobi, tuko watu saba, kompyuta sita, zote Windows. Office tuliyonayo tuliwekewa na kijana fulani zamani, sasa kila ukiifungua inakuonyesha ule mstari mwekundu juu wa kusema haina leseni. Nataka kuweka LibreOffice, ile programu ya ofisi ya bure, zote sita. Swali langu ni moja: inafanana na Word na Excel kiasi kwamba mtu wa kawaida hatagutuka? Nahitaji jibu kabla ya Jumatatu asubuhi.

FundiWaLuthuli
Zinafanana kama ndugu, si kama pacha. Nenda menyu ya View, User Interface, chagua Tabbed, vitufe vitajipanga juu kama vya Word. Kisha kwenye mipangilio ya kuhifadhi uiambie ihifadhi docx na xlsx, faili za Word na Excel, la sivyo utatuma odt, faili yake yenyewe, kwa mteja na atakupigia simu akisema faili imeharibika. Fonti: Calibri utaikuta kwenye Windows, shida ni Aptos, hiyo inakuja na Microsoft 365. Pakua libreoffice.org, usichukue kwa flashi ya mtu.
Lakini mbona hutaki mtu agutuke? Kitu chenyewe ni halali.

Kiherehere
"Kabla ya Jumatatu asubuhi." Hili si swali la kompyuta, hili ni la polisi 😂

ShoshoMtandao
Watoto wa siku hizi mnahangaika. Mimi nilijifunza kutaipu kwa mashine ya chuma, ukikosea herufi moja kwenye barua ya wakili unaanza karatasi upya. Hakuna aliyekuja kuniuliza leseni ya wino. Nilistaafu na vidole vyangu vyote, ingawa hiki cha kushoto hakikunjiki sawasawa wakati wa baridi.

MhasibuMkali
Shosho pole na kidole. Karani, jibu swali la Fundi. Nani amekuagiza ubadilishe?

KaraniMpole
Hakuna aliyeniagiza. Najaribu kusaidia ofisi ipunguze gharama.

MhasibuMkali
Kwa siri, usiku wa Jumamosi. Endelea.

KaraniMpole
Sawa. Kuna mteja mkubwa ametutumia fomu, anataka kuhakikishiwa kwamba programu zetu zote zina leseni. Bosi akaogopa kukosa kazi, akanitumia 84,000 kwa M-Pesa ninunue Office ya kweli, 14,000 kila mashine. Wiki hiyohiyo ndugu yangu alikuwa azuiwe kufanya mtihani kwa sababu ya karo. Nikalipa 52,000. Nitazirudisha, mimi si mwizi. Na kabla hamjanirukia: LibreOffice nayo ina leseni, ya programu huria, inaitwa MPL, kwa hivyo ile fomu nitaijaza bila kudanganya. Kompyuta nne nimeshamaliza, zimebaki mbili. Sitaki kuambiwa nianze upya.

Kiherehere
84 kutoa 52 ni 32. Ama LibreOffice inahesabu tofauti?

KaraniMpole
Deni la chama. Na simu. Yangu ilipasuka kioo.

MhasibuMkali
Sasa nisikilize, maana Fundi anakuambia habari za vitufe na moto unawaka kwingine. Bosi anaweza kutumia LibreOffice miaka mitano asijue. Mhasibu wake atajua mwisho wa mwezi. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, haikubaliki kwenye hesabu za kodi. Mhasibu ataona 84,000 zimetoka kwa M-Pesa, atauliza ankara iko wapi. Utampa nini, ukurasa wa kupakulia?

KaraniMpole
Kuna rafiki yangu anaweza kunitengenezea risiti.

MhasibuMkali
Ankara ya eTIMS inahakikiwa kwenye mfumo wa KRA. Rafiki yako atakutengenezea kesi. Futa hiyo sentensi.

ZamaniKulikuwaKuzuri
Mimi kinachoniuma ni hiyo programu kuingizwa kwenye mambo kama haya. Ilianza kama StarOffice ya Wajerumani, kampuni ya Sun Microsystems ikainunua 1999, wakaachilia msimbo wake ukawa OpenOffice.org. Oracle walipomeza Sun, wachangiaji wakaona giza mbele, Septemba 2010 wakajitenga na kuunda The Document Foundation, iko Berlin, ndiyo iliyozaa LibreOffice. Watu wamejitolea miaka yote hiyo ili mtu wa Nairobi aandike barua bila kuiba, na wewe umefanikiwa kuiba ukitumia kitu cha bure. Hiyo ni talanta.

Chunguza
Wacha niseme mnachoogopa kusema. Uzi huu umetungwa. Bosi gani wa Industrial Area anatoa 84,000 kwa programu wakati jirani zake wote wanawekewa ya kuibia kwa mia tano na soda? Mwaka jana kulikuwa na uzi hapa wa mtu "aliyekula" pesa za printa, na huyo naye alikuwa na ndugu wa kulipiwa karo. Hili ni tangazo la LibreOffice.

Kiherehere
Tangazo la kitu cha bure analipia nani?

Chunguza
Ndiyo maana hamlioni.

ShoshoMtandao
Hata mimi niliona ajabu. Mwizi wa kweli haombi ushauri. Mume wangu marehemu aliuza ng'ombe wa kakake akakaa kimya miaka kumi na moja.

Kiherehere
Shosho, huyo ng'ombe afunguliwe uzi wake. Mimi naona KaraniMpole ndiye bosi, anawatega wafanyakazi wake.

KaraniMpole
Mnanicheka na mimi hata ugali haushuki. Natungaje? Bosi ana jedwali la mishahara, lina kitufe cha kijani pembeni kimeandikwa PRINT ALL, ukikibonyeza payslip za watu wote zinatoka. Leo nimekibonyeza, imekuja "BASIC runtime error" na kishale cha njano kando ya mstari. Nimebonyeza mara tisa. Na delivery note yetu, ile sehemu ya "Imepokelewa na" imeshuka ukurasa wa pili, iko peke yake huko chini ya hewa tupu.

FundiWaLuthuli
Hapo nimeamini. Mtu anayetunga hawezi kukumbuka kile kishale. Hiyo makro, yaani amri zilizo nyuma ya kitufe, imeandikwa kwa VBA, lugha ya Microsoft, LibreOffice inaelewa baadhi tu, nyingine lazima ziandikwe upya. Na delivery note, nembo iko ndani ya kisanduku cha maandishi?

KaraniMpole
Ndiyo.

MhasibuMkali
Fundi, unamsaidia mtu kuzama vizuri. Karani, umebakisha ngapi kwa M-Pesa?

KaraniMpole
2,300. Simu naweza kuiuza hata kesho, ina wiki mbili.

MhasibuMkali
Iuze. Nenda kwa bosi na hizo pesa mkononi na LibreOffice kama pendekezo, si kama kifuniko. Karo aikate kwenye mshahara pole pole. Akikubali, ameokoa pesa na fomu imejazwa. Akikataa, angalau amesikia kwako.

Chunguza
Bado siamini.

KaraniMpole (Jumatatu, saa 2:15 asubuhi)
Simu imeuzwa 17,000, naandika kwa kompyuta ya ofisi. Nilipanga kuongea naye saa nne. Amewahi. Hajafungua kompyuta yoyote, ameshika delivery note ya jana ya dereva, karatasi mbili, anauliza kwa nini mbili. Ameniita. Fundi, ile nembo naihamishaje?

FundiWaLuthuli
Menyu ya Insert, weka kichwa cha ukurasa, kata nembo ubandike humo, kisha futa kisanduku. Dakika moja. Lakini ingia kwanza, nembo itakungoja.